Miguu ya Kuazima

Tulikwisha kuipita nyumba ya mwisho ya kijiji, na Batma alikuwa bado anatukimbilia na jozi ya soksi mkononi. Alikuwa anapiga kelele kwamba mumewe hajabadili soksi tangu juma lililopita, na kwamba hataki aibu ifike kwa wakwe kabla ya zawadi. Mumewe, Doolot, ndiye aliyeshika hatamu. Alimpungia mkono kama mtu anayeagwa kwa heri, kisha akamhimiza farasi. Batma akazirusha soksi, zikaangukia theluji. Nikashuka, nikaziokota, nikairukia sleji, gari letu la kuteleza juu ya theluji, ikiwa inaenda, na moyoni nikajisifu kwamba kwa mtu wa miaka sabini na moja hilo si haba.

Tulikuwa watatu. Doolot ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na kwetu shemeji hupewi ili umheshimu bali umtanie mpaka mmoja afe. Wa tatu alikuwa Burulkan, muuguzi wa bonde letu, ambaye watu humwita daktari na yeye amechoka kukanusha. Aliletwa kwetu vuli ile. Vijiji vinne ni vyake, pamoja na tulikokuwa tunakwenda, na kazi yake kubwa wakati wa baridi ni miguu: kucha zilizoingia nyamani, visigino vilivyopasuka, vifundo vilivyoteguka kwenye barafu, vidole vilivyoungua kwa baridi. Sanduku lake la bati lilikuwa katikati yetu, kando ya gunia la vimandazi na kondoo aliyefungwa.

Safari yenyewe ilikuwa ya saa tano, kwenda kijiji anakoishi Syrga, binti wa Doolot. Mwanawe Syrga, Umutai, alikuwa ametimiza mwaka na ameanza kusimama bila kushika kitu. Kesho yake asubuhi angefungwa kamba vifundoni, uzi mweusi uliosokotwa na mweupe, na watu wangekimbia, na atakayefika wa kwanza angeikata kwa kisu ili mtoto aende zake duniani. Kwingine hukimbia watoto. Upande ule wa bonde hukimbia wazee, na hakuna anayecheka, kwa sababu mtoto huchukua tabia za aliyemkata kamba.

Wajukuu wawili wa kwanza, wa watoto wake wengine, Doolot alikuwa amewakata kamba mwenyewe. Ujanani alikuwa akipeleka barua kwa miguu kuvuka mlima, na mbio zilikuwa ndiyo mali aliyokuwa nayo. Safari hii mpinzani wake alikuwa Kachkin, baba mkwe wa Syrga, mtu mwema, mzito, anayelala baada ya kila mlo na kumkubalia kila aliyesema mwisho.

"Akikata Kachkin," Doolot alikuwa akisema tangu mwanzo wa baridi, "mtoto atalala mpaka siku ya ndoa yake."

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu bila hilo hakuna hadithi.

Doolot ana kisukari, na wakati ule kilikuwa mwaka wa sita. Vuli ile Burulkan alikuwa amemwambia kwamba miguu ya mtu wa kisukari hufa ganzi, na kwamba akiendelea kukimbiakimbia kwenye mawe ataumia asijue. Kwa hiyo tuliposikia kwamba anakuja kupima miguu ya wazee wa kijiji chetu, Doolot alijua atakatazwa mbio. Akaja kwangu. Akaniambia hana kidonda chochote, hana maumivu yoyote, ila yule mwanamke ana ulimi uliozoea neno hapana.

Upimaji wa Burulkan ulikuwa hivi. Mtu mzima kwetu hamnyoshei mwenzake nyayo. Ni ufidhuli, na wazee wa kwanza aliowaita walikaa na miguu yao chini ya makalio wakimwambia hawajambo. Akafikiri. Kwenye ghala la duka akatundika shuka zito, yeye akaketi upande huu na beseni lake, wazee upande wa pili, na kila mmoja akapitisha miguu chini ya shuka na kutaja jina. Hakuna aliyemnyoshea mtu nyayo, maana hapakuwa na mtu, palikuwa na shuka. Wazee wakaja mpaka wa kijiji cha jirani. Wengine walileta na mazungumzo, wakakaa pale wanakatwa kucha wanasimulia vita vya mwaka arobaini na tatu.

Zamu ya Doolot ilipofika, Doolot alitaja jina lake kwa sauti safi, na mimi nikapitisha miguu yangu.

Burulkan hupima ganzi kwa unywele mgumu wa mkia wa farasi. Anakugusa nao unyayoni, wewe unasema ndiyo kila unapousikia. Mimi niliusikia mpaka nikacheka nimejiziba mdomo. Kila nilipocheka, Doolot alisema "ndiyo." Mwishoni Burulkan akasema kwamba hajawahi kuona kisukari cha miaka sita kilichoacha miguu inayosikia kama ya bibi harusi, akaandika karatasi kwamba mzee Doolot anaweza kukimbia. Tulitoka pale tumeshikana mabega. Nilijiona nimetenda wema.

Basi sleji ilikuwa inaenda, jua lipo, Doolot anaimba. Tulipovuka kijito, maji yalikuwa yamepanda juu ya barafu, akashuka kumwongoza farasi, akarudi akaendelea kuimba palepale alipokuwa ameachia. Burulkan ndiye aliyeona.

"Mzee Doolot, galoshi yako ya kushoto iko wapi?"

Doolot aliutazama mguu wake kama anayetazama mguu wa jirani. Wazee wetu huvaa khufu, kiatu laini cha ngozi kinachofika chini ya goti, na juu yake galoshi ya mpira ya kutembelea nje. Galoshi ya kulia ilikuwepo. Mguu wa kushoto ulibaki na khufu tupu, imelowa, imeganda, imekuwa ngumu kama gome la mti.

"Imeshuka," alisema. "Labda imechoka kunisikiliza."

"Tangu lini?"

Hakujua. Ingeweza kuwa tangu kijitoni, na kijito kilikuwa nyuma yetu kama nusu saa. Burulkan aliigusa ile ngozi kwa vidole, halafu akazungumza polepole.

"Juzi miguu hii ilicheka kwa unywele mmoja. Leo imelowa na kuganda, na mwenyewe anaimba."

"Juzi nilikuwa nimepata joto," Doolot alisema, akanikonyeza.

Nilikuwa na uwezo wa kunyamaza. Tumenyamaziana mengi, mimi na yeye. Lakini nimewahi kufanya kazi na watu wa barabara kule kaskazini, nikamwona dereva mmoja akipanda gari na mguu mmoja na gongo, na alikuwa ameanza na kitu kidogo asichokisikia. Nikamtazama farasi mgongoni, si Doolot.

"Ile miguu ilikuwa yangu," nikasema.

Kondoo ndiye aliyejibu kwanza. Nilitegemea Burulkan atanifokea. Alichosema ni kwamba alishangaa tangu siku ile, mtu anayeshinda na kondoo miaka yote hii amezipata wapi sugu mpya za barabarani. Kisha akamwambia Doolot aketi nyuma, akanipa mimi hatamu, na mguu akaufunika kwa ngozi ya kondoo na kuuweka chini ya koti lake mwenyewe. Doolot akataka tusimame tuusugue kwa theluji, kama alivyofanya baba yake. Burulkan akamuuliza baba yake alikufa na vidole vingapi. Doolot akahesabu kimoyomoyo, na kutoka hapo hatukusimama tena. Na wala hakuniita shemeji njia nzima. Aliniita "huyu bwana."

Kwa Syrga tulipokelewa vizuri mno. Kachkin alitoka na bakuli la chai mkononi, akatukumbatia wote pamoja na bakuli. Doolot alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la chuma na kuutega mguu wake, kama kila mtu wetu anavyofanya akitoka nje. Burulkan alimshika kwapani akamvuta nyuma mpaka ukutani, mbele ya wakwe zake. Mguu usiosikia, alisema, haujui unaota moto au unaungua. Akaomba maji ya vuguvugu, akayapima kwa kiwiko chake. Akaomba khufu zivuliwe.

Doolot akasema hazivuliwi, ana udhu.

Hapo pia nina sehemu yangu. Mimi ni msafiri, na mwanzoni mwa baridi nilimkumbusha kwamba aliye nyumbani hupangusa maji juu ya khufu mchana mmoja na usiku wake, kisha huzivua na kuosha miguu, ila msafiri ana siku tatu. Nilisema hivyo kupitisha mazungumzo. Kumbe yeye alikwenda nalo nyumbani. Safari hii ya kuja kwa Syrga ilikuwa imeahirishwa mara tatu kwa sababu ya theluji, na Doolot alikuwa amejihesabu msafiri tangu siku ya kwanza alipofunga gunia.

"Hata msafiri ni siku tatu, baba," Syrga alisema. "Zimekwisha lini?"

"Kila safari ilipoahirishwa, nilianza upya."

Syrga akahesabu kwa vidole. Yeye na Umutai walikuja kwetu kumwalika babu, na walipoondoka ndipo baba yake alipovaa zile khufu. Ilikuwa siku ya kumi. Kachkin, ambaye humkubalia aliyesema mwisho, alitikisa kichwa akasema kumi ni nyingi.

Zikavuliwa. Ya kulia ilitoka bila shida. Ya kushoto ilibidi iloweshwe kwanza, na ilipotoka pamoja na soksi, kitu kikadondoka ndani ya beseni kikalia chini ya maji.

Kilikuwa kifupa cha kifundo cha mguu wa mwanakondoo, kidogo, kimepakwa rangi nyekundu. Watoto wetu hucheza navyo, na chekundu ndicho mfalme wa vifundo vyote. Nyumbani kwa Doolot walikuwa wamekitafuta siku kumi. Yeye mwenyewe alikuwa amewapigia kelele watoto wa jirani kwamba ni wezi. Umutai alikuwa na tabia ya kutia vitu kwenye viatu vya watu, na siku ile kabla hajaondoka alikuwa amemwachia babu zawadi. Babu akaivaa. Kila asubuhi akazunguka zizi mara mbili mbio, akijizoeza, huku amemkanyaga mfalme.

Umutai alikuja akitambaa, akatia mkono majini, akachukua chake, akaondoka. Tulicheka. Kachkin alicheka mpaka akaketi. Halafu Burulkan akaugeuza unyayo upande wa dirisha, na kicheko kikaisha chenyewe. Nyuma ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa ukucha, kingo zake nyeupe, ndani chekundu. Ncha za vidole viwili zilikuwa zimepauka kwa baridi. Doolot alikiinamia, akakitazama, akamwomba Burulkan akiguse. Burulkan alikuwa amekwisha kukigusa.

Wajuzi wa mambo husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Burulkan hakusema methali. Alikisafisha, akakifunga, akakaa chini akawa sawa na Doolot macho kwa macho.

"Mzee wangu, hakijafika mfupani. Usipokikanyaga wiki sita, kitafunga. Ukikimbia kesho, nitakupeleka mjini wakakukate, na nitalia njia nzima kwa sababu nakupenda."

"Kidole kimoja natoa," Doolot alisema. "Ninavyo kumi."

"Hawaishii kidole."

"Basi nitakimbia polepole."

"Ukikimbia polepole Kachkin atakushinda, na mguu utakatwa vilevile. Utakuwa umenunua nini?"

Kachkin akakubali kwamba hapo hakuna faida. Doolot akageukia ukuta. Wanawake walirudi kwenye unga wao, Kachkin akalala, na mimi nikakaa karibu na shemeji yangu nikiwa sijui niondoke au nibaki, jambo ambalo kwa kawaida huwa najua.

Baada ya muda mrefu akasema bila kugeuka:

"Shemeji."

Nikaitikia haraka kuliko nilivyopaswa.

"Uliniazima miguu ya kumdanganyia daktari. Niazime tena kesho, safari hii kwa halali."

Nikasema sawa. Ila Syrga alikuwa amesikia, akaja na mikono ya unga.

"Baba, usifanye hivyo. Shangazi mpaka leo hajui kama ana mume au ana mgeni. Huyu akimkata mtoto wangu kamba, Umutai atatoroka kabla meno hayajaisha kuota."

"Akikata baba mkwe wako atalala."

"Anayelala najua aliko."

Lilikuwa jambo la haki. Nilimwambia kwamba mimi kila nilipoondoka nilirudi. Akasema hata baridi hurudi. Mwishowe mama mkwe wake akasema kwamba mtoto mwenye miguu inayosikia si wa kulilia, na unga unakauka. Mambo yakaishia hapo.

Asubuhi mbio ziliwekwa kutoka darajani mpaka uani, hatua kama mia moja, theluji imekanyagwa ikawa kioo. Tulikuwa wanne: Kachkin, mwenye duka, mwalimu mstaafu wa hesabu, na mimi. Burulkan alitupanga mstari akatukagua viatu kama anayekagua farasi, akawafunga wawili vifundo kwa kitambaa, akatuambia kwamba siku nyingine zote yeye huwakuta wazee chini, na leo anaomba apumzike. Nikazikumbuka soksi za Batma. Zilikuwa bado mfukoni mwangu, safi, za sufu nene. Nikazivaa juu ya viatu. Ni ujanja niliojifunza kwa wauza kuni, sufu hushika barafu kuliko mpira. Watu walicheka. Mwenye duka aliniuliza kama usiku nitavaa kofia mguuni.

Doolot alikuwa ameketi uani juu ya magodoro matano yaliyokunjwa, mguu umeinuliwa kwa amri, umefunikwa shali ili usiwatukane wageni. Umutai alisimama mbele yake, kamba vifundoni, Syrga anamshika kwapa, na Doolot ameshika kisu kwa niaba ya atakayeshinda.

Mwalimu alihesabu mpaka tatu kwa ukamilifu wake wote, tukatoka. Niseme kweli, Kachkin alikuwa na mbio. Sijui alizificha wapi miaka yote. Alinipita kwenye hatua ya ishirini akipumua kama mvuke wa treni, na nilimsikia Doolot akinguruma kutoka kule juu. Lakini uani kuna kona. Kachkin alifika kwenye kona na mwili wake wote ukataka kwenda moja kwa moja, na ukaenda. Alipita mbele ya mlango wa zizi ameketi, mikono juu, akamchukua na mwenye duka. Mimi nilikata kona kwa soksi za Batma, pum pum pum, kama mbuzi.

Nilipofika sikuwa na pumzi hata ya kuomba kisu. Nilipiga magoti mbele ya mtoto. Doolot alininyoshea kisu, halafu hakukiachia.

"Miguu yako, mkono wangu," alisema kwa sauti ndogo.

Tukakishika wote wawili. Watu wakaanza palepale kubishana kama inaruhusiwa, na kama ikiruhusiwa tabia ni ya nani, na walipokuwa bado wanabishana kamba ilikatika. Umutai akapiga hatua nne, akafika kwa babu yake, akainua shali, akautazama ule mguu uliofungwa bendeji, na akachomeka kifundo chekundu katikati ya bendeji. Burulkan alikitoa kabla sijacheka.

Kachkin aliteguka kifundo cha kulia. Alifungwa na kuketishwa pembeni mwa Doolot, wakakaa siku tatu mguu juu, wakicheza karata, na sasa hawawezi kukaa mwezi bila kuonana. Kidonda cha Doolot kilifunga wiki ya saba. Alipoteza kucha mbili. Khufu anazivua kila jioni, na Batma humtazama nyayo kwa kioo cha kunyolea. Burulkan bado yuko bondeni. Shuka analo, ila limetobolewa tundu la uso juu, miguu ijulikane ni ya nani. Syrga alipata mtoto wa pili, kamba yake aliikata Kachkin, na mtoto analala vizuri. Umutai ana miaka mitano. Ameokotwa mara tatu barabarani, mara moja akiwa na mkate. Galoshi ilipatikana masika, ina panya. Soksi za Batma zilitoboka, nimemletea nyingine. Mimi niliondoka mwezi wa nne, nikarudi vuli, mke wangu akaniuliza nataka chai au napita tu. Kifundo chekundu kimepotea tena. Kijiji chote kinakung'uta viatu kabla ya kuvaa.